Kumshukuru Mungu kila siku kwa kuwa yupo karibu

Katika makanisa yetu ya mashariki, neno shukrani linasikika karibu kila Jumapili. Jamaa iliyopata mtoto inaleta toleo la shukrani. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa Serikali anapita mbele na wazazi wake, kwaya ikiimba nyuma yao. Mfanyabiashara aliyerudi salama kutoka Kampala au Dubai anaomba dakika tano za ushuhuda, na anatumia ishirini. Haya yote ni mema, na Mungu anayapokea. Lakini yana jambo moja linalofanana: yanangoja tukio. Mtu asiyezaa, asiyefaulu, asiyesafiri, anakaa kwenye benchi mwaka mzima akisikiliza shukrani za wengine.

Makala hii inaeleza shukrani ya namna nyingine, ambayo Biblia inaiweka kila siku, asubuhi na jioni, na ambayo sababu yake ya kwanza ni Mungu mwenyewe kuwa pamoja na watu wake. Wapendwa, nimeiandika hasa kwa ajili ya viongozi wa selule, kinamama wanaoongoza maombi ya nyumbani, na wazazi. Inaweza kusomwa kwa sehemu, na Biblia ikiwa wazi mkononi.

Maneno tunayotumia

Kiswahili kilipokea neno shukrani kutoka Kiarabu, na "aksanti" yetu ya kila siku ilitoka huko pia. Wanande wanasema "wasingya". Wenye kusema Kinyarwanda wanasema "murakoze", neno linalotaja kazi aliyoifanya yule unayemshukuru, kana kwamba unamwambia: nimeona ulichotenda. Napenda sana neno hilo, kwa sababu liko karibu na Kiebrania.

Kwa Kiebrania shukrani ni toda. Mzizi wake una maana ya kukiri au kutangaza wazi, na kitenzi kilekile kinatumika mtu anapokiri dhambi yake. Kwa hiyo mtu wa Agano la Kale aliyeshukuru alisimama mbele ya watu na kukiri jambo lililo kweli juu ya Mungu. Angeweza kulikiri akiwa na furaha, na angeweza kulikiri machozi yakimtoka. Hapo tayari tumeachana na wazo kwamba shukrani ni hali ya moyo uliochangamka. Moyo unaweza kuwa mzito na bado kinywa kikakiri kweli.

Kwa Kigiriki neno ni eukaristia, na makanisa mengi duniani yanaiita Meza ya Bwana kwa jina hilo hadi leo. Paulo anakumbusha katika 1 Wakorintho 11:23-24 kwamba Bwana Yesu alitwaa mkate na kushukuru usiku uleule aliotolewa. Yuda alikuwa amekwisha kupatana bei. Tukisahau saa ambayo Yesu alishukuru, tutafikiri shukrani inahitaji usiku mtulivu.

Walawi na mizigo yao

Sehemu ya Biblia inayoeleza vizuri zaidi shukrani ya kila siku, kwa maoni yangu, ni moja ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu imejaa majina: 1 Mambo ya Nyakati 23. Tangu jangwani, kazi ya Walawi ilikuwa kubeba. Walibeba hema ya kukutania, nguzo zake, mapazia yake na vyombo vyake, kila watu walipong'oa kambi. Sasa Daudi ni mzee, sanduku la agano limefika Yerusalemu, naye anawaambia Walawi kwamba Mungu amewapa watu wake raha na anakaa Yerusalemu, kwa hiyo hawatabeba tena (mistari ya 25 na 26). Watafanya nini basi? Mstari wa 30 unajibu: watasimama kila asubuhi kumshukuru na kumsifu Bwana, na jioni vivyo hivyo.

Tazameni mpango wa sura hiyo. Mungu anakaa kati ya watu wake, kwa hiyo kuna watu wenye zamu ya kushukuru kila siku. Hawangojei mavuno wala ushindi. Siku mfalme amekufa, zamu ipo. Siku mvua imekataa, zamu ipo. Na sura ya 16 ya kitabu hichohicho inasema kwamba baadhi yao waliitwa kwa majina, mmoja mmoja, kwa kazi hiyo.

Msomaji aliye katika kambi karibu na Goma, au aliyejazana na jamaa tatu katika chumba kimoja Butembo, atauliza: "Mchungaji, hao walikuwa wamekwisha kupewa raha. Mimi bado nabeba." Swali ni la haki. Jibu liko katika 2 Samweli 7:6, pale Mungu anapomkumbusha Daudi kwamba tangu kutoka Misri hakukaa katika nyumba. Alikuwa akienda huku na huku katika hema. Kwa miaka mingi kabla ya kuwa na mji, Mungu wa Israeli alikaa chini ya turubai pamoja na watu waliokuwa safarini. Yohana naye, akieleza katika 1:14 jinsi Neno alivyokuja kukaa kwetu, anatumia neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga hema. Kwa hiyo aliye kambini hana sababu ndogo ya kushukuru kuliko aliye katika nyumba ya matofali mjini. Mungu anajua ardhi ya hema ilivyo baada ya mvua.

Zaburi ya 75 inaanza kwa kumshukuru Mungu, na sababu inayotoa ni kwamba Jina lake li karibu. Waraka kwa Wafilipi unafuata njia hiyohiyo. Tunapenda kusoma 4:6, juu ya kuomba pamoja na kushukuru bila kujisumbua, lakini tunaukata mwisho wa mstari wa 5, ambao unasema kwamba Bwana yu karibu. Ukiukata, mstari wa 6 unakuwa amri ngumu: usijisumbue! Ukiuacha, unaona Paulo anasimama juu ya nini. Naye aliandika akiwa amefungwa.

Nyama isiyolala

Sheria ya toleo la shukrani iko katika Walawi 7:11-15. Mtu alileta mnyama na mikate ya namna mbalimbali, iliyotiwa chachu na isiyotiwa. Sehemu ilikuwa ya kuhani, nyingine ilirudi kwa mwenye kutoa. Kisha linakuja sharti ambalo kila mama mwenye sufuria atalielewa: nyama ya shukrani iliwe siku ileile, isibaki hadi asubuhi. Toleo la nadhiri au la hiari liliweza kuliwa kesho yake pia. Hili la shukrani, hapana.

Sasa mbuzi mzima na mikate mingi, jamaa moja itamalizaje kwa siku moja? Lazima iite watu. Sheria haisemi "waalike majirani", lakini imepangwa kwa namna ambayo bila majirani huwezi kuitimiza. Sijui kama kuna fungu linaloonyesha wazi zaidi kwamba shukrani ya mtu mmoja ni chakula cha wengi. Ukilinganisha na mana ya Kutoka 16, ambayo nayo haikuwekwa akiba ila kwa ajili ya sabato, unaona kwamba Mungu aliwazoeza watu wake kuishi naye siku kwa siku.

Hapa nasema neno moja kwa wachungaji wenzangu na kwa wazee wa kanisa. Katika mahali pengi toleo la shukrani limekuwa jambo la bahasha na mbuzi mkubwa, na mwenye kuku mmoja anaona haya kusimama. Tena mara nyingi nyama hiyo inaishia katika nyumba zilezile. Tukisoma Walawi 7 kwa uaminifu, swali la kwanza baada ya ibada ya shukrani lingekuwa: nani wamekula leo ambao jana hawakula? Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 9:11-12 kwamba mchango kwa watakatifu wahitaji unazaa shukrani nyingi kwa Mungu, na wanaoshukuru hapo ni wale waliopokea. Jamaa nyingi za mashariki zimepokea wakimbizi wa ndani nyumbani mwao na kugawana nao bugali na sombe kwa miezi, wala hakuna aliyewapigia makofi kanisani. Hilo ni toda, hata kama halikutangazwa.

"Katika" au "kwa"?

Fungu linalotajwa kuliko yote ni 1 Wathesalonike 5:18. Kigiriki chake kinasema kushukuru katika kila jambo, maana yake ndani ya kila hali. Waefeso 5:20 unasema pia kushukuru kwa yote, na wengine wanautumia kuwaambia watu kwamba lazima wamshukuru Mungu kwa ajili ya kila tukio, hata ubaya waliotendewa. Nakataa mafundisho hayo, na sababu iko katika sura ileile. Katika Waefeso 5:11 Paulo anaagiza tusishirikiane na matendo ya giza bali tuyakemee. Hawezi kutuagiza tukemee jambo katika mstari wa 11 halafu tulishukuru katika mstari wa 20.

Hili si jambo la shule ya theolojia tu. Kuna mwanamke aliyetendewa ukatili njiani akitoka shambani, na mtu wa kanisa akamwambia: "Mama, shukuru Mungu kwa yote." Kuna mke anayepigwa nyumbani anayeambiwa hivyohivyo. Kuna kijiji kilichochomwa, na mhubiri anawaambia watu wasilie, washukuru. Neno takatifu linageuzwa kuwa kitambaa cha kuziba kinywa. Mwenye kusema hivyo mara nyingi anataka kujiondolea uzito wa kusikiliza.

Zaburi ya 107 inaonyesha njia iliyo sawa. Inaleta makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa gerezani, wagonjwa waliokaribia malango ya mauti, na wasafiri wa baharini waliopigwa na dhoruba. Mapokeo ya Wayahudi yalichukua makundi hayo manne kuwa ndiyo watu wanaopaswa kushukuru hadharani. Nani hapa kwetu hana jamaa katika moja ya hayo? Tuna barabara ambazo mtu anazipita akiomba. Tuna magereza. Tulikuwa na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, na wapo waliopona ambao jirani waliwakimbia. Tuna ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, na mitumbwi na boti zinazojazwa kupita kiasi.

Lakini angalieni taratibu ya zaburi hiyo. Kila kundi kwanza linalia. Mistari ya 6, 13, 19 na 28 inarudia kilio hicho: walimlilia Bwana katika taabu yao. Mwito wa kushukuru unakuja baadaye, katika mistari ya 8, 15, 21 na 31. Zaburi haimruki anayelia ili ifike haraka kwenye shukrani. Ikiwa ibada yetu ina nafasi ya shukrani na haina nafasi ya maombolezo, tumeondoa nusu ya zaburi.

Hata hivyo, wakati mwingine shukrani inatangulia wokovu. Katika Matendo 27 meli ya Paulo imepigwa na dhoruba siku 14, watu 276 ndani yake, hawajala. Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Meli bado haijafika popote, na saa chache baadaye itavunjika kabisa. Alichokuwa nacho ni neno la Mungu kwamba hakuna atakayepotea, na uhakika kwamba malaika wa Mungu alikuwa amesimama karibu naye usiku. Baada ya hapo wengine wote walichangamka wakala.

Aliyenusurika na aliyefiwa wako benchi moja

Nafikiri hapa ndipo makanisa yetu yanahitaji msaada zaidi. Ndugu anasimama na kusema: "Risasi zilipita juu ya nyumba yetu, Bwana akatulinda, hakuna hata mmoja aliyeguswa!" Kanisa linaitika haleluya. Benchi ya pili amekaa mama ambaye mtoto wake alipigwa na risasi za usiku uleule. Alikuwa ameomba pia. Anajiuliza moyoni kama Mungu alikuwa upande mwingine wa barabara.

Je, ndugu anyamaze? Hapana, kumnyamazisha kungekuwa kosa lingine, maana ameokoka kweli na ana deni la kukiri hivyo. Lakini kuna mambo mawili ambayo Maandiko yanaweka mbele yake.

La kwanza ni Luka 13:1-5. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari za 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kwa hiyo kuokoka kwangu hakuthibitishi kwamba niliomba vizuri kuliko jirani, wala kifo cha mtoto wa jirani hakithibitishi upungufu wa imani yake. Mfarisayo wa Luka 18:11 alianza sala yake kwa shukrani, tena shukrani safi kwa masikio, na sababu aliyoitoa ni kwamba yeye hakuwa kama wengine. Shukrani inayojilinganisha na jirani imekwisha kuharibika kabla haijafika mbinguni.

La pili ni kwamba uwepo wa Mungu hauna upande mmoja wa barabara. Zaburi 34:18 inasema Bwana yu karibu na waliovunjika moyo. Kwa mujibu wa fungu hilo, ikiwa tunatafuta mahali Mungu alipo karibu zaidi asubuhi ile, tutazame benchi ya pili. Mama yule hapaswi kulazimishwa kutoa ushuhuda. Lakini kanisa linaweza kumpa nafasi yake bila kungoja muujiza. Katika kanisa moja la kwetu mama aliyefiwa alisimama wiki kadhaa baada ya kilio, akataja majina ya wanawake watatu waliolala naye chini kwenye mkeka usiku wote wa msiba, mmoja akimchotea maji, mmoja akimwangalia mtoto mdogo. Akasema, "Ndivyo nilivyojua Mungu hajaniacha," akakaa. Hakusema mtoto wake yuko mahali pazuri zaidi, wala kwamba ameelewa. Hakuna mahubiri niliyoyasikia mwaka ule yaliyofikia dakika hiyo.

Kwa aliyenusurika, ningeshauri ushuhuda wake uwe na sehemu mbili: amshukuru Mungu kwa waliobaki, na awataje kwa majina waliokufa karibu naye, kanisa linyamaze kidogo. Haichukui muda mrefu. Dakika ishirini za Dubai zinaweza kupunguzwa.

Watu wawili wa vita moja

Historia ya kanisa ina walimu wengi wa jambo hili, nami nachagua wawili kwa sababu walitoka katika vita ileile, ile ya Miaka Thelathini iliyoteketeza Ulaya ya kati kutoka 1618 hadi 1648. Sisi tunaohesabu tangu 1996 tunaweza kuelewa jina la vita hiyo bila kufafanuliwa.

Wa kwanza ni Martin Rinkart, mchungaji Mlutheri wa mji wa Eilenburg katika Saxony. Alizaliwa huko 1586, akarudi kutumika huko 1617, mwaka mmoja kabla ya vita, akafa 1649, mwaka mmoja baada ya amani. Mji wake ulikuwa na kuta, kwa hiyo wakimbizi wa vijiji vya karibu walijazana ndani yake, na pamoja nao njaa na magonjwa. Katika tauni ya 1637 alizika watu zaidi ya 4,000, wakati mwingine makumi kwa siku moja, na mke wake mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Ndiye aliyeandika wimbo wa shukrani unaojulikana kwa Kijerumani kama "Nun danket alle Gott", ambao umetafsiriwa katika lugha nyingi na kuimbwa duniani kote.

Mara nyingi inahubiriwa kwamba aliuandika kusherehekea amani ya 1648. Wanaochunguza historia ya nyimbo wanauweka mapema zaidi, karibu mwaka 1636, na wanaeleza kwamba ulianza kama sala ya mezani kwa ajili ya jamaa yake. Mimi naona habari hii ya pili ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Alifundisha watoto wake kushukuru kabla ya chakula katika miaka ambayo chakula chenyewe kilikuwa cha mashaka, na hakuna aliyejua kwamba vita ingekwisha.

Wa pili ni Nicolas Herman wa Lorraine, kijana maskini aliyekwenda vitani kama askari na kurudi na jeraha. Baadaye aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris akaitwa Ndugu Lawrence. Alikuwa Mkatoliki, na Waprotestanti wengi wamejifunza kwake bila kuona haya. Hakuwa padri. Aliwekwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, akakaa nayo miaka mingi, na alipozeeka akapewa kazi ya kutengeneza viatu. Alifariki 1691. Mafundisho yake, yaliyokusanywa baada ya kifo chake, ni mafupi sana: kuongea na Mungu katikati ya kazi, kumshukuru kwa kila jambo dogo, na ukisahau, kurudi kwake bila kujipiga kifua kwa muda mrefu. Alisema kwamba kati ya kelele za jikoni alikuwa na Mungu sawa na wakati wa sala. Kinamama wanaopika kwa makala, moshi machoni, watamwelewa kabla ya sisi wenye diploma.

Kuanza nyumbani

Waprotestanti wa kwanza hawakuiacha shukrani iwe wazo tu. Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 iliwapa wakuu wa nyumba sala ya asubuhi na sala ya jioni, na zote mbili zinaanza kwa kumshukuru Baba wa mbinguni. Baada ya ile ya asubuhi mtu anaambiwa aende kazini kwa furaha, baada ya ile ya jioni alale upesi na kwa furaha. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563 iliweka maisha yote ya Mkristo, pamoja na amri kumi na Sala ya Bwana, chini ya kichwa kimoja: shukrani.

Kwa hiyo, asubuhi, kabla ya simu na kabla ya bidoni ya maji, sema sentensi moja ya kumkiri Mungu: Bwana, upo hapa, nakushukuru. Usiongeze maombi bado. Maombi yana wakati wake, nayo yana tabia ya kusukuma kila kitu kando. Danieli aliposikia kwamba amri imetiwa sahihi, alipanda chumbani kwake akapiga magoti mara tatu kwa siku akashukuru kama alivyozoea (Danieli 6:10). Neno la muhimu hapo ni kuzoea. Asiyekuwa na mazoea kabla ya amri hatayapata siku ya amri.

Jioni, jamaa ikiwa imekaa pamoja, kila mmoja ataje jambo moja la siku ile ambamo aliona mkono wa Mungu, kwa jina na kwa mahali. "Namshukuru Mungu kwa baraka zote" haitoshi, maana haina mtu wala mahali. "Motari alinirudishia pesa zangu zilizobaki", "mama Furaha aliniazima chumvi", "nimepata sambaza za bei ndogo sokoni" inatosha kabisa. Asiye na jambo aseme, "Leo sijaona," na wengine wasimhukumu. Mwingine anaweza kuwa ameona kwa niaba yake. Na ikiwa siku ilikuwa ya msiba, someni Zaburi ya 88, ambayo haina shukrani ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho, lakini imeelekezwa kwa Mungu mstari kwa mstari. Iko katika Biblia kwa ajili ya jioni kama hizo.

Wengine wanaandika katika daftari. Ni vizuri, lakini si lazima, na asiyejua kusoma hakosi kitu. Nimeona bibi akitumia mbegu za maharagi: kila jioni mbegu moja katika kopo, akitaja kilichotokea. Mwisho wa juma alizipika.

Selule zinaweza kufanya jambo moja zaidi. Kabla ya kukusanya mahitaji ya maombi, kiongozi aulize ni maombi gani ya juma lililopita yaliyojibiwa, na yapi bado. Yale ambayo bado yasifichwe. Yakae kwenye orodha pamoja na yaliyojibiwa, karatasi moja.

Kuhusu watoto, msiwasahihishe. Mtoto wa miaka minne atashukuru kwa mbuzi, kwa mvua, kwa sababu kaka yake hakumpiga leo. Rinkart aliandika sala yake kwa ajili ya meza yenye watoto kama hao. Mtoto akiuliza kwa nini tunamshukuru Mungu wakati baba hajarudi, mzazi asikimbilie jibu. Amkalishe karibu, amwambie kwamba hata yeye anamuuliza Mungu hivyo, kisha waseme sala ya jioni pamoja, na wamtaje baba kwa jina.